Hogo au buti la kutembelea: mguu uliovunjika uvalishwe lipi?

Masika iliyopita nilikanyaga ukingo wa mtaro uliobomoka nikitoka sokoni, mguu wa kulia ukapinduka na mfupa wa nje wa kifundo ukavunjika. Wiki ya kwanza nilifungwa plasta nusu, ile inayoachwa wazi upande mmoja mpaka uvimbe upungue. Wiki mbili zilizofuata nikawa na hogo kamili, yaani plasta ngumu inayozunguka pande zote, kuanzia vidoleni hadi chini ya goti. Kisha daktari wa mifupa akanihamishia kwenye buti la kutembelea kwa wiki tatu. Vyote viwili nimelala navyo na kupanda navyo bajaji, na tangu hapo kila anayeumia mguu mtaani kwetu hunitumia ujumbe uleule: "Dada, niache wanifunge hogo au ninunue lile buti?"

Tunaoishi huku buti hili tumelijua kupitia mpira. Mchezaji anaumia, kesho yake anaonekana kwenye picha akiwa na magongo na buti jeusi lenye mikanda linalofika karibu na goti. Ndiyo maana watu wengi wanaamini buti ni tiba ya wenye pesa na hogo ni la sisi wengine. Sivyo. Kuna majeraha ambayo buti linafaa zaidi, kuna ambayo hogo ndilo salama, na lipo moja ambalo watu wengi hulinunulia buti bure.

Kinachotofautisha vitu hivi viwili ni kimoja: buti linavuliwa. Hapo ndipo uzuri wake wote ulipo, na hatari yake yote pia.

Kabla ya yote, mfupa umevunjika au haukuvunjika?

Usiingie dukani kabla ya kujua hili. Madaktari wa Ottawa nchini Kanada, wakiongozwa na Ian Stiell, walichapisha mwaka 1992 kanuni ya kuamua nani anahitaji picha ya eksirei, na mpaka leo inatumika katika hospitali nyingi duniani. Kifundo kikiwa kinauma, mtoa huduma anabonyeza ukingo wa nyuma wa mfupa wa kifundo, wa nje na wa ndani, kwenye sentimita 6 za mwisho kuelekea chini. Kwenye wayo anabonyeza sehemu mbili: kitako cha mfupa unaoelekea kidole kidogo, pale panapojitokeza pembeni, na mfupa ulio juu kidogo ya upinde wa ndani wa wayo. Maumivu yakiwa hapo, au ukishindwa kupiga hatua nne ulipoumia na ukashindwa tena ulipofika kituoni, unapigwa picha. Hatua za kuchechemea nazo zinahesabika.

Naomba sana hapa: usikubali kukandwa kabla ya picha. Najua mazoea yetu, maji ya moto, mafuta ya nazi na mama mwenye mkono mzuri. Mfupa uliopasuka bila kuhama ukikandwa unaweza kuhama, na jeraha ambalo lingepona ndani ya buti likaishia chumba cha upasuaji.

Hogo linavyoshika, na buti linavyoshika

Hogo, au P.O.P (kifupi cha "Plaster of Paris") kama wanavyoliita hospitalini, ni bendeji yenye unga wa jasi. Daktari wa jeshi la Uholanzi, Antonius Mathijsen, ndiye aliyechapisha maelezo ya bendeji za aina hii mwaka 1852. Inaloweshwa, inazungushwa mguuni ikiwa laini kama uji mzito, kisha inaganda huku ukihisi joto linapanda. Inaonekana imekauka ndani ya dakika chache, lakini kukauka mpaka ndani huchukua siku moja hadi tatu, na ukilikanyaga kabla ya hapo linapasuka. Kwa sababu liliganda likiwa limeukumbatia mguu wako wewe, linafuata kila bonde na kila nundu. Mfupa unaotaka kuhama unakosa pa kwenda.

Buti ni kitu kingine. Nje kuna ganda la plastiki ngumu, ndani kuna sponji nene linalofungwa kama koti, juu yake mikanda ya kunata. Mengine yana mifuko ya hewa unayoijaza kwa kubonyeza pampu ndogo iliyo kifuani mwa buti. Halikutengenezwa kwa kipimo cha mguu wako, kwa hiyo halishiki kwa uimara wa hogo. Lakini tazama soli yake: imepinda kama tako la mtumbwi. Unapokanyaga, buti lenyewe linabingirika kutoka kisigino hadi vidole, kifundo kikibaki kimetulia ndani. Unatembea bila kifundo kukunjika. Siku ya kwanza niliyoelewa hilo niliacha kuburuta mguu, nikaweka kisigino chini na kuiacha soli ifanye kazi yake. Kutoka kitandani hadi mlangoni nilihesabu hatua kumi na moja, za kwanza kwa wiki tatu bila kuurusha mguu hewani.

Umeumia nini hasa?

*Kuteguka.* Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Huko Uingereza ulifanyika utafiti wa watu 584 walioteguka vibaya, bila mfupa kuvunjika lakini wasioweza kukanyaga, na matokeo yakachapishwa mwaka 2009. Waligawanywa makundi manne: hogo la chini ya goti kwa siku 10, saporti ngumu ya kifundo, buti, na bendeji ya kubana peke yake. Baada ya miezi mitatu, waliofungwa hogo la muda mfupi walikuwa na nafuu kubwa kuliko wa bendeji, na wa saporti nao walikuwa na nafuu. Waliovaa buti? Hawakuwazidi wale wa bendeji. Baada ya miezi tisa wote walilingana. Kwa hiyo ukiwa umeteguka tu, hata kama kifundo kimevimba kama embe, muulize daktari kuhusu hogo la siku chache au saporti, ambayo bei yake iko chini sana ya buti. Kisha anza mazoezi mapema. Kama unaona buti litakupa utulivu wa kwenda kazini siku chache za mwanzo, sawa, lakini usilitegemee kuponya kuliko vingine.

*Mfupa wa kifundo uliovunjika bila kuhama.* Hili lilikuwa langu, na hapa buti linashindana na hogo bega kwa bega. Utafiti mwingine wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2021, ulifuatilia watu wazima 669 wenye kifundo kilichovunjika, wengine wakiwa wamefanyiwa upasuaji. Nusu walifungwa hogo, nusu wakapewa kifaa cha kuvuliwa. Baada ya wiki 16 hali za miguu yao hazikutofautiana kwa kiwango cha maana. Kabla ya hapo, mwaka 2019, madaktari wa Ufini walionyesha kwa wagonjwa 247 kwamba mvunjiko wa kifundo wa nje uliotulia unaweza kushikiliwa kwa wiki tatu tu badala ya sita zilizozoeleka, bila matokeo kuwa mabaya zaidi. Neno la kushika ni "uliotulia". Hilo anayelisema ni daktari mwenye picha mkononi, si muuza duka.

*Uliohama, au uliovunjika pande zote mbili za kifundo.* Sahau kuchagua. Mara nyingi ni upasuaji, au kurudishwa mahali pake na kufungwa hogo lililofinyangwa vizuri. Buti huja baadaye.

*Mifupa mirefu ya wayo.* Ufa mdogo unaotokana na kukimbia au kutembea sana, na ule mvunjiko wa kitako cha mfupa wa kidole kidogo unaotokea mguu ukipinduka, hupona vizuri ndani ya buti, wakati mwingine hata ndani ya kiatu chenye soli ngumu. Ila kuna ndugu yake mbaya, sentimita chache tu mbele kwenye mfupa huohuo. Daktari Robert Jones aliueleza mwaka 1902 baada ya kuvunjika yeye mwenyewe akicheza dansi, na unaitwa kwa jina lake hadi leo. Eneo hilo damu inafika kwa shida, mfupa unachelewa kuunga au hauungi kabisa. Mara nyingi mgonjwa anakatazwa kukanyaga kwa wiki kadhaa, na wengine wanawekewa skrubu. Kwenye picha tofauti ya majeraha haya mawili ni upana wa kidole. Kwenye matibabu ni kubwa sana.

*Kano ya kisigino.* Ukisikia kishindo nyuma ya mguu kama umepigwa teke na ukigeuka hakuna mtu, huenda imekatika. Hapa buti lina faida ya wazi. Chini ya kisigino huwekwa vipande vya sponji au raba ngumu ili vidole vielekee chini na ncha za kano zikutane, kisha vipande hupunguzwa kimoja kimoja kadiri wiki zinavyosonga. Utafiti wa Uingereza wa watu 540, uliochapishwa mwaka 2020, ulilinganisha hogo na buti la namna hiyo kwa wale ambao hawakufanyiwa upasuaji: baada ya miezi tisa hapakuwa na tofauti, na wa buti waliweza kukanyaga mapema. Lakini sharti ni kali. Wiki za mwanzo haulivui, hata kulala, hata kuoga, mpaka uelekezwe namna ya kufanya hivyo vidole vikiwa vimeelekezwa chini. Dakika moja ya kukanyaga peku unapotafuta ndala gizani inaweza kurudisha kazi yote nyuma.

*Kidonda cha mwenye kisukari.* Hapa nasema kwa uchungu, kwa sababu nimeliona nyumbani. Baba mdogo alipata kidonda chini ya wayo, akapewa buti ili uzito usikae kwenye kidonda. Miguu yake haina hisia, hivyo haikumkumbusha chochote. Akienda kliniki analivaa, akirudi analiacha mlangoni pamoja na viatu vingine, kisha anazunguka nyumbani na kandambili, jikoni, bafuni, uani. Kidonda kilikaa miezi. Na si yeye peke yake: utafiti wa Marekani wa mwaka 2003 ulipima kwa vifaa vya kuhesabu hatua ukakuta wagonjwa wa aina hii walikuwa wamevaa buti kwenye asilimia 28 tu ya hatua zao za siku. Ndiyo maana miongozo ya kimataifa ya mguu wa kisukari inapendekeza kifaa cha kufika gotini kisichovuliwa, ama hogo maalumu, ama buti lilelile likizungushiwa bendeji ngumu ili mgonjwa asiweze kulifungua. Kama mzazi wako ana kisukari na damu inafika vizuri mguuni, ulizia hilo kwa jina: kisichovuliwa.

Siku ya kawaida nyumbani kwetu

Mambo haya madaktari hawana muda wa kuyaeleza, na ndiyo yaliyonifanya nilie mara mbili.

Choo. Vyoo vingi vyetu ni vya kuchuchumaa, na kifundo kilichofungwa hakichuchumai. Hogo na buti vinalingana kwa hili. Fundi alinikatia tundu kwenye kiti cha plastiki, nikakiweka juu ya choo, na mjomba akapigilia ubao wa kushikia ukutani. Fanyeni hivyo siku ileile ya kutoka hospitali, msisubiri mgonjwa aanguke.

Maji. Hogo la jasi likilowa linageuka uji, na ngozi ndani inatoa harufu ya kuoza. Nilikuwa naoga nimekaa, mguu nje ya beseni juu ya stuli, umefungwa nailoni mara mbili na kukazwa kwa kitambaa juu ya goti. Buti, kwa ruhusa ya daktari, nililivua, nikaosha mguu kwa sabuni nikiwa nimekaa, nikaukausha hadi katikati ya vidole. Raha ya maji kupita kwenye ngozi iliyojificha wiki tatu siwezi kuisimulia. Kwa joto la Dar na Tanga na Mombasa, hili peke yake ni sababu nzito ya kupenda buti, kama jeraha linaruhusu.

Swala. Wakati wa hogo nilitawadha viungo vingine kisha nikapangusa juu ya hogo kwa mkono wenye maji, kama wanazuoni walivyoruhusu kwa mwenye bandeji ya jeraha, na nikaswali nimekaa kitini. Wakati wa buti ilibidi niulize upya, kwa kuwa sasa mguu uliweza kuoshwa. Muulize imamu wako, na umweleze kwa usahihi daktari amesema nini kuhusu kulivua.

Muwasho. Kwenye hogo usichokoe kwa kijiti cha mshikaki wala sindano ya kushonea. Mchubuko mdogo humo ndani hauonekani mpaka utoe usaha. Pulizia hewa ya baridi au gonga hogo taratibu kwa nje. Kwenye buti unafungua, unatazama, unapaka mafuta, unafunga.

Usafiri. Vyote viwili vinakufungia uendeshaji. Buti ni pana, linakanyaga breki na eksileta kwa pamoja. Kwa vijana wa bodaboda, mguu wa kulia ndio breki ya nyuma na wa kushoto ndio gia, kwa hiyo hakuna mguu wa bahati. Ukiwa abiria, bajaji ndiyo rafiki: ngazi yake ni ya chini na mguu unanyooka.

Mgongo. Hili linahusu zaidi buti. Soli yake inakuinua upande mmoja kama sentimita 2 au 3. Nilivaa ndala mguu wa pili, na baada ya siku nne kiuno kikaniwaka moto. Dawa yake ilikuwa raba ya zamani yenye soli nene. Mguu usioumia uvae kitu kinacholingana na urefu wa buti, ndani na nje ya nyumba.

Namna ya kulivaa

Nimeona watu wengi wakilivaa kama gumbuti. Kaa kitini, usisimame. Vaa soksi ndefu ya pamba isiyo na mikunjo, ifike juu kuliko buti. Fungua sponji lote, ingiza mguu, kisha sukuma kisigino nyuma mpaka kiguse mwisho wa ganda. Kama kuna nafasi ya kupitisha kidole nyuma ya kisigino, toa uanze upya. Funga sponji, rudisha ganda la mbele, kaza mikanda kuanzia ya vidole ukipanda juu. Lenye hewa, jaza mwisho, mpaka uhisi limekukumbatia bila kukubana. Halafu bonyeza ukucha wa kidole gumba: unakuwa mweupe, na rangi inatakiwa irudi ndani ya sekunde mbili hivi. Isiporudi, au vidole vikianza ganzi, punguza hewa na legeza mikanda. Jioni mguu huvimba, kwa hiyo ulivyokaza asubuhi siyo utakavyokaza saa moja usiku.

Kwa hogo hakuna cha kulegeza, ndiyo maana dalili zake hazisubiri kesho: maumivu yanayozidi badala ya kupungua, vidole baridi, vya bluu au visivyohisi, maumivu makali unapovinyoosha. Rudi hospitali usiku huohuo. Na kwa hogo na buti sawasawa, nyama ya muundi nyuma ikivimba, ikauma na kupata joto, au pumzi ikikatika ghafla, hiyo inaweza kuwa damu iliyoganda kwenye mshipa. Usingoje.

Pesa, na buti la kuazima

Jasi ni rahisi. Ndiyo maana hogo lipo hadi vituo vidogo. Buti jipya lilinigharimu zaidi ya mara tatu ya kufungwa hogo. Lakini weka kwenye hesabu nauli za kurudi kukatwa na kufungwa upya, maana uvimbe ukipungua hogo hulegea na kupoteza kazi. Mwenye bima aulize kabla ya kununua, si baada ya kurudi na risiti.

La mtumba au la kuazima si vibaya, mradi ulikague. Geuza soli: ikiwa imelika upande mmoja, litakupindisha mguu. Funga mikanda na uivute kwa nguvu. Inayoachia yenyewe haifai. Jaza hewa, liache robo saa, kisha ubonyeze uone kama hewa bado imo. Ganda likiwa na ufa, liache hapohapo hata ukipewa bure. Sponji lifuliwe kwa mkono na likauke kivulini. Na namba iwe yako: vidole visitokeze nje ya soli, wala buti lisikupite goti. Kama lina vipande vya kisigino ndani, vitoe, isipokuwa kano ndiyo iliyokatika.

Langu sasa liko Mbagala kwa shemeji yangu, aliyevunjika kama mimi, naye akaja na picha yake na maneno ya daktari yaliyoandikwa: kuvaa mchana, kuvua usiku, wiki nne. Nimelifua sponji mara mbili na kubadilisha mkanda wa juu kwa fundi viatu. Nikamwambia soksi anunue zake, pea tatu, na ile raba nene ya mguu wa pili nikamtia kwenye mfuko uleule.